Pompe Ambayo Sikuifungua

Kabla sijasema neno, nendeni mkanawe mikono. Naona mmoja anacheka. Nendeni, maji yako kwenye ndoo, sabuni iko juu ya tofali. Nitasubiri, mzee mstaafu hana pa kukimbilia.

Haya, karibuni. Sasa mmekwisha kuanza kazi ya pompe bila kujua. Fundi wa injini hunawa akimaliza kazi, fundi wa pompe hunawa kabla. Hilo nilifundishwa na Mzee Mulenga, aliyenitoa kwenye ufagio wa gereji ya mgodi akaniweka mbele ya meza yake. Ndani ya pompe ya dizeli, pampu inayosukuma mafuta kwenye injini, kuna vipande vya chuma vinavyokaa karibu karibu hata unywele haupiti katikati. Na vumbi letu la Likasi mnalijua, lile jekundu la kiangazi linaloingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Punje moja ikiingia mle, pompe imekwisha. Mzee Mulenga alikuwa akizungushia meza yake shuka la kitandani ili vumbi lisipite, na siku moja mke wake akaja gereji mchana kweupe kulidai mbele ya wafanyakazi wote.

"Mulenga! Bageni balifika kwetu, balale juu ya nini? Juu ya pompe?"

Tulicheka hadi kengele ya chakula. Mzee alilitoa shuka, akalikung'uta vizuri, akamkabidhi mwenyewe. Halafu akavua shati lake, akalitundika pale shuka lilipokuwa, akaendelea na kazi kifua wazi.

Nilijifunza kwake pia habari ya chupa. Akiitilia shaka dizeli, alikuwa anaitia kwenye chupa ya kioo, anaiweka dirishani, anakwenda kunywa chai. "Mazout haibishanake," alikuwa akisema. "Unaiacha ilale. Kama iko na maji, maji itashuka chini yenyewe." Ninyi leo mna mashine za kupimia kila kitu, na mimi sizidharau. Lakini chupa haihitaji umeme, na umeme wetu mnaujua tabia zake, ingawa bwawa la umeme la Koni liko hapa hapa karibu.

Basi, nilifungua pompe miaka yote ya nguvu zangu. Nilizifungua za malori ya mawe, za jenereta, za trekta za mapadri, hata ya mtumbwi mmoja mkubwa wa ziwa Tshangalele uliofungwa injini ya lori. Watu wakaniita Papa Pompe. Mtoto akipotea mtaani alikuwa akirudishwa kwetu kwa kuulizwa tu, "Wewe si wa Papa Pompe?" hata kama si wangu. Nilipostaafu nilijiona nimemaliza yote. Kisha mke wangu akanunua lori.

Ukweli hakulinunua peke yake. Mke wangu, Mama Odile, anauza mafuta ya mawese sokoni, na wenzake wa meza za jirani wana likelemba yao: kila mwezi kila mmoja anatoa, na mmoja wao anabeba yote. Safari hiyo walikubaliana hakuna atakayebeba. Waliweka, wakaweka tena, wakauza hadi vitenge vya sandukuni, wakanunua lori jipya kwa mwuzaji mmoja wa Lubumbashi. Jipya kabisa, viti bado vimevaa nailoni. Wakapata kazi ya kupeleka unga wa mahindi kila wiki kwenye kantini ya mgodi, na njiani kurudi wanabeba samaki wa ziwani. Mkataba wa kantini ulikuwa mfupi na mkali: unga ukikosa kufika, kazi anapewa mwingine.

Lori lilikuja na garantie. Kikiharibika kitu kwa kosa la kiwanda, mwuzaji anatengeneza mwenyewe. Sharti lilikuwa moja: asiguse fundi mwingine. Juu ya kila nati ya pompe walikuwa wamepiga mstari wa rangi ya njano, na kwenye waya mwembamba wakaning'iniza muhuri mdogo wa risasi. Mstari ukikatika, umejitoa mwenyewe kwenye garantie.

Siku ya kwanza Mama Odile alinisimamisha mbele ya lori, wenzake wote wakitazama, akaniita kwa jina la binti yetu.

"Baba Régine, unisikilize muzuri. Hapana kugusa. Hata kidole. Ile pompe iko na garantie."

"Na minye, na miaka yangu yote ya kazi?"

"Weye garantie yako ilishaisha zamani."

Wale wamama walicheka vibaya sana. Yeye hakucheka. Alifunga sanduku langu la spana kwa kufuli, akafunga ufunguo kwenye pindo la kitenge chake, fundo tatu. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hawakusema kwamba mke wake ndiye atakayeuficha wembe.

Sasa sikilizeni desturi ya wauza mawese, maana humo ndimo hadithi yote imo. Pipa la mawese likifika kutoka kwenye treni, hawalipokei kwa macho. Wanalifungua mbele ya mwenye mali, wanajaza chupa ndogo, wanaifunga uzi shingoni, wanadondosha nta ya mshumaa juu ya kifuniko. Halafu mwenye mali mwenyewe anabonyeza kidole gumba kwenye nta kabla haijakauka. Pipa likija kuonekana limetiwa maji, chupa inaletwa, na kidole kinaletwa. Hakuna kelele.

Wamama hawa, kwa kuwa hawajui kununua mafuta ya aina yoyote bila chupa, waliifanya desturi hiyo hiyo kwenye kituo cha dizeli. Kila lori likijazwa, chupa, uzi, mshumaa. Yule mwuzaji wa kituoni alikuwa akilalamika huku akipuliza kidole. "Bamaman, minye niko mwuzisha wa mazout, hapana wa mawese!" Nami nilimtetea. Niliwaambia dizeli ya kituo kizuri haihitaji mambo ya nta, chupa ya Mzee Mulenga peke yake inatosha. Walinitazama, wakaendelea kudondosha mshumaa. Kila chupa ilipata uzi wa rangi yake: ya mwisho kabisa ilikuwa na uzi wa buluu. Zilipangwa kwenye rafu ya sebuleni kwetu, karibu na Biblia ya Mama Odile, zikameta njano safi jua lilipoingia.

Lori lilikufa likitoka ziwani, kwenye kilima, limejaa samaki. Dereva wetu Kasongo ni mtu wa kusema kidogo, na siku hiyo alifanya jambo moja ambalo nawaomba mlishike kuliko yote nitakayosema. Aliponiita kwa simu alisema, "Papa, motere ilikohoa, nguvu ikaisha, njo ikazima. Nilijaribu mara moja. Ikakataa. Nikaacha." Akaacha! Madereva wengine wangeendelea kuzungusha ufunguo hadi betri ilie. Pompe ya kisasa ikianza kujila, inamwaga unga wa chuma, na kila ukizungusha, unga ule unasukumwa hadi kwenye sindano za injini na kurudi hadi kwenye tangi. Gari likizima hivyo, liache, uite mtu.

Likavutwa hadi yadi yetu. Samaki waliokolewa kwa chumvi na kwa matusi ya wamama. Kwa unga wa kantini walikodi lori la jirani, na jirani yule alijua kukodisha: faida yote ya safari ikaishia kwake. Mama Odile aliniambia jambo moja tu jioni ile, bila mchezo. "Kama garantie inakataa, tutauzisha lori juu ya kununua pompe. Utauzisha mguu juu ya kununua kiatu?"

Na mnajua Likasi gari likilala yadini, kila mpita njia ni fundi. Walikuja. Mwingine na spana, mwingine na nyundo, mwingine na mdomo tu. "Papa Pompe, unangojea nini? Fungua tuone!" Kwetu fundi asiyefungua ni kama mganga anayemtazama mgonjwa kutoka mlangoni. Mmoja aliniuliza kwa upole kama macho yangu bado yanaona. Nikachukua kiti, nikakaa mbele ya lori kutwa nzima, nikilinda mstari wa rangi ya njano. Mikono ilikuwa inaniwasha. Sisemi kwa mfano, iliwasha kweli, nikaikalia.

Mchana mmoja Mama Odile alikuwa sokoni, yadi ilikuwa tupu. Nikasogea na kijiko cha supu. Nilitaka kugonga kidogo tu, nisikie sauti, si kufungua.

"Baba Régine." Alikuwa amerudi kuchukua mizani. "Uko natafuta supu mu motere?"

Nikarudi kwenye kiti na kijiko changu.

Mtu wa mwuzaji alifika kutoka Lubumbashi: Ingénieur Trésor, kijana mpole, na ile kompyuta yake ambayo mafundi wa leo wanaiita valizi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Lakini jambo la kwanza aliloomba ni maji na sabuni, akanawa kabla ya kugusa chochote, na hasira yote ikaniishia. Alisoma valizi, akatazama mihuri moja moja kwa tochi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua kijibomba cha chini ya chujio, akakinga kwenye bilauri. Chini ya dizeli palikuwa na maji kidogo, kama machozi.

"Papa," akasema, "hii maji iko mubaya kwetu."

"Ile njo kazi ya chujio, mutoto yangu. Inashika maji ya jasho ya tangi, isiende mbele."

"Najua, Papa. Minye nakuamini. Lakini patron, mukubwa wangu wa kazi, hatamuona Papa, ataona hii maji. Atasema mazout ilikuwa chafu, garantie hapana. Minye narudia Lubumbashi leo, mbele ya jua kushuka. Munipatie kitu ya kumuonesha."

Mama Odile aliruka. "Kitu? Tuko na chupa!"

Tukaingia sebuleni wote. Biblia ilikuwepo. Chupa hata moja haikuwepo.

Niwaeleze. Mimi ni mkatoliki wa misa ya kwanza, naingia, natoka, nakwenda kunywa chai. Mke wangu anasali kanisa la maombi, na siku mbili kabla Pasta Jérémie alikuwa amekuja na kundi zima kuliombea lori. Waliimba vizuri, siwezi kusema uongo. Walipokuwa wanatoka, dada mmoja wa kanisa aliona rafuni chupa za mafuta ya njano, zimefungwa nta, zimevishwa uzi, zimekaa kando ya Biblia. Akajua, kama ambavyo ninyi nyote mngejua, kwamba Mama Odile ameandaa mafuta ya upako. Akazibeba zote kwa heshima kubwa.

Tulikimbia kanisani, Mama Odile mbele, mimi nyuma, Ingénieur nyuma yangu na viatu vyake safi. Kwenye bomba la nje tulimkuta mzee mmoja anayesumbuliwa na magoti. Amekunja suruali, anajisugua kwa sabuni ya kufulia, macho yanamtoka.

"Mzee, walikupaka nini?" nikamwuliza.

"Sijue! Inachoma! Lakini munaona, nilisimama mwenyewe!"

Kando yake ilikuwa chupa imefunguliwa. Mama Odile aliinua haraka atazame uzi. Mwekundu. Moyo wangu ukarudi mahali pake, maana nyekundu ilikuwa ya zamani. Tukaingia ndani.

Pasta Jérémie alisikiliza yote, akaweka mkono kichwani. "Mama Odile, Yesu wangu! Iko na nta, iko na uzi, muzuri vile, nani angejua iko mazout?"

"Na harufu, Pasta?" nikasema. Sikuweza kujizuia.

"Harufu tulisikia, Papa. Tukasema hii upako iko na nguvu."

Chupa nyingine zilikuwa juu ya meza ya madhabahu, pamoja na mafuta halisi, zikisubiri Jumapili. Mama Odile alizipitia moja moja. Kijani. Nyeupe. Nyeusi. Halafu ile ya buluu, nyuma kabisa. Aliigeuza polepole. Nta ilikuwa nzima, na alama ya kidole imo.

Alikaa kwenye benchi akalia. Huyu mama anayebishana na wauza mawese wa treni hadi wao ndio wanalia, alikaa akalia kwa sauti, chupa kifuani. Nilijua ni miaka ya kila mmoja wa wale wamama iliyokuwa mle. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi yetu, na nikamwambia hapo hapo, mbele ya Pasta. Alinijibu nisimpotezee wakati.

"Muibebe," Pasta akasema. "Ilishaombewa tayari. Hata Lubumbashi itashinda."

Ingénieur aliitazama chupa juu ya mwanga. Dizeli safi, chini hakuna hata tone la maji. Akauliza, kwa adabu, namna gani patron ataamini imetoka kituoni na si jikoni kwetu. Mama Odile akafuta machozi. "Tuende tuulize kidole."

Yule mwuzaji wa kituoni alipotuona na chupa alianza kuficha mkono, akidhani tumeleta mshumaa mwingine. Akaombwa gumba lake. Lilikuwa na kovu la zamani, mkato wa kopo, limepita katikati. Kwenye nta, mkato ule ule ulikuwa umepita katikati. Ingénieur akapiga picha nta, akapiga picha kidole, akapiga picha mwuzaji mwenyewe, ambaye alitengeneza kola ya shati kwanza. Ndipo nikaielewa ile nta niliyoicheka. Chupa ya Mzee Mulenga ilikuwa ya kujua. Chupa ya wamama ilikuwa ya kuaminiwa, na hizo ni kazi mbili.

Lori likavutwa hadi Lubumbashi, na pompe ikafunguliwa huko, kwenye chumba safi chenye taa nyeupe. Nilialikwa. Mama Odile alikuja pia, na msishangae, hakuja kutazama pompe, alikuja kutazama mikono yangu. Niliifunga nyuma mgongoni. Ingénieur Trésor alikata muhuri, akalegeza nati moja baada ya nyingine, na nawaambia kweli, kila nati ilipotoka mimi nilitoka jasho. Kazi ngumu kuliko zote za maisha yangu ilikuwa ile: kusimama kimya mtu mwingine akifungua.

Maji yakiingia ndani ya pompe yanaacha kutu. Hapakuwa na kutu. Palikuwa na kigurudumu kidogo kimepasuka, na unga wa chuma mpya unaometa kila mahali. Kosa la kiwanda. Patron mwenyewe aliitwa, akatazama, akatazama ile chupa ya uzi wa buluu, akasema sawa.

Nikafungua mdomo kusema pompe peke yake haitoshi, wabadilishe na sindano, waoshe na tangi, la sivyo pompe mpya itakula unga wa ile ya zamani na kufa wiki hiyo hiyo. Ingénieur akatabasamu. "Papa, nilishaomba byote. Sindano, mabomba, tangi."

Nikafunga mdomo. Nilifurahi, na iliniuma kidogo, yote mawili pamoja. Kijana alijua kazi. Alinawa mikono kabla, mlitaka nini tena?

Lori lilirudi barabarani kabla jirani hajamaliza faida ya wamama. Jumapili Pasta alitoa ushuhuda juu ya chupa iliyoshinda Lubumbashi, na yule mzee wa magoti akasimama kuthibitisha. Huwezi kushindana na shahidi aliyesimama.

Na garantie ikaisha, kama kila garantie. Asubuhi ile nilikuwa nimekaa yadini, lori linapashwa moto kwa safari ya unga. Mama Odile akatoka, akasimama mbele yangu, akafungua fundo la kwanza la pindo la kitenge, la pili, la tatu. Akaniwekea ufunguo kiganjani.

"Sasa pompe ni yako, Baba Régine. Fungua tu."

Nilinawa mikono kwanza. Nikafungua sanduku, spana zangu zilikuwa zinanukia mafuta, hazijapata kutu. Nikachukua moja, nikainamia injini. Kasongo akashika pumzi kwenye usukani. Nikasikiliza. Ilikuwa inazunguka sawasawa, haikohoi, haikwaruzi, haihitaji kitu chochote kutoka kwa mtu yeyote.

Nikairudisha spana mahali pake, nikafunga kufuli, nikamrudishia mke wangu ufunguo.

"Funga tena," nikamwambia. "Na safari hii, fundo ine."